Moshi, Ugoro na Mtoto Aliye Tumboni



Bila shaka baadhi yenu mtakapoona kichwa cha habari hii mtauliza: mambo ya waja wazito yamhusu nini mwanafunzi wa kiume mwenye miaka 19? Swali hilo ni la haki, nami nitalijibu upesi. Mtoto hazaliwi na mama peke yake, wala moshi unaoingia kifuani mwa mama si lazima uwe umetoka katika sigara yake mwenyewe. Tena gazeti hili husomwa na wanafunzi wa zamani, ambao wengi wao sasa ni waume na baba wa watoto. Kwa hiyo naomba msifunue ukurasa mwingine kwa kudhani ya kuwa habari hizi ni za wakunga tu.

Hapa kwetu Gatete, na katika vijiji vya pwani hii ya Ziwa Tanganyika tangu Rumonge mpaka Nyanza-Lac, si ajabu kumkuta bibi kizee amekaa mbele ya nyumba yake jioni, kiko mdomoni, akitazama wapitao. Hakuna amlaumuye. Tumbako, ambayo kwa Kirundi huitwa itabi, ni heshima ya uzee wake, na mgeni mwenye adabu humletea kidogo. Lakini msichana akiwasha sigara sokoni Rumonge watu wote watamgeukia, na maneno yatafika kwao kabla yeye mwenyewe hajafika. Kwa sababu ya desturi hiyo watu wengi husema, "Wanawake wetu hawavuti; hayo ni mambo ya Ulaya."

Kwa kiasi fulani wasema kweli. Mwaka 2018 wataalamu walikusanya hesabu za nchi nyingi wakazitoa katika jarida la udaktari liitwalo The Lancet Global Health. Walikadiria kwamba katika dunia nzima, kati ya kila wanawake 1,000 wenye mimba, 17 huvuta. Katika Ulaya ni 81, na katika Afrika ni 8 tu. Mtu akisoma hesabu hiyo aweza kufunga kitabu na kwenda zake. Lakini hiyo ni hesabu ya kuvuta peke yake. Ugoro haumo, wala tumbako inayotafunwa, wala moshi wa mume, wala moshi wa jikoni. Juu ya hayo, mwanamke aliyelelewa kuona haya kwa jambo hili hatamwambia kweli mtu mgeni aliyeshika karatasi na kalamu. Kwa hiyo mimi siamini kwamba sisi tumeokoka.

Tumbako si mmea wa asili ya nchi yetu. Asili yake ni Amerika, na Wareno ndio walioileta katika pwani za Afrika katika karne ya 16. Kutoka huko ilisafiri bara mkono kwa mkono, hata Richard Burton na John Speke walipofika Ujiji mwaka 1858 waliikuta ni desturi iliyokwisha zoeleka kabisa. Burton aliandika jambo moja la kuchekesha. Wajiji hawakupenda sana kuvuta, bali mtu alichukua kijungu kidogo chenye tumbako; alipotaka kujiburudisha alitia maji, akaikamua, akayavuta maji yale puani, kisha akaibana pua kwa vidole au kwa koleo ndogo ya chuma yasitoke, naye akaendelea kuzungumza na wenzake kwa sauti ya mtu mwenye mafua. Mimi sijamwona afanyaye hivyo, lakini ugoro mkavu tunao, na nikotini iliyomo ni ile ile.

Sasa tuingie katika habari yenyewe. Mtoto akiwa tumboni hapumui kwa mapafu yake. Oksijeni na chakula huvipata katika damu ya mama, lakini damu ya mama na damu ya mtoto hazichanganyiki. Hukutana katika kondo la nyuma, zikiwa zimetengwa na utando mwembamba sana, na vitu hupita katika utando huo kutoka upande huu mpaka upande ule. Zamani watu walidhani kwamba utando huo ni kama ukuta wa boma, kwamba chochote kibaya hubaki nje. Sivyo. Vingine huvizuia, lakini nikotini hupita, na ile hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi hupita pia.

Hewa hiyo ya sumu hutoka katika vitu vinavyoungua bila kupata hewa ya kutosha: sigara, kiko, kuni mbichi, makaa. Kazi yake nitaieleza kwa mfano wa mashua zetu. Chembe nyekundu za damu ni kama mashua, na abiria wao ni oksijeni. Kaboni monoksidi hung'ang'ania mashua hizo kwa nguvu ipitayo mara 200 ile ya oksijeni, na ikisha kukaa haishuki upesi. Mashua zaonekana zimejaa, zaenda na kurudi, lakini abiria anayengojewa ng'ambo hafiki. Na damu ya mtoto huishika sumu hiyo zaidi kuliko damu ya mama. Ndiyo sababu mama aweza kujisikia hana neno, kumbe mtoto amekwisha pungukiwa.

Nikotini nayo ina kazi yake. Hubana mishipa ya damu, pamoja na ile iendayo kwenye kondo la nyuma, na huharakisha moyo wa mama. Basi fikirini wenyewe: damu imfikiayo mtoto ni chache, na hiyo chache imebeba oksijeni pungufu. Na mtoto hali hiyo kwa saa moja tu. Huishi nayo kwa miezi tisa, kila mama awashapo.

Matokeo yaonekanayo wazi kuliko yote ni uzito. Watoto wa mama wavutao sigara huzaliwa wakiwa wamepungukiwa kiasi cha gramu 200 hivi. Nimesikia mwenzetu mmoja darasani akicheka na kusema kuwa gramu 200 ni bakuli dogo la ndagala. Ni kweli, lakini hebu tupige hesabu. Shirika la Afya la Dunia huhesabu kwamba mtoto aliyezaliwa na uzito usiofika gramu 2,500 ni mtoto mwenye uzito mdogo, yaani mwenye hatari zaidi ya kushikwa na baridi, kunyonya kwa shida na kufa kabla ya mwaka. Mama wa London alaye vizuri aliyekuwa azae mtoto wa gramu 3,400 atazaa wa 3,200, na pengine asitambue kitu. Lakini sisi twakaa pwani ya ziwa penye mbu wengi, na malaria katika mimba hupunguza uzito wa mtoto, na chakula kibaya hupunguza pia. Mama wa kwetu ambaye kwa sababu hizo mtoto wake angekuwa na gramu 2,600, akiondolewa 200 tena, amekwisha vuka mstari. Kwa hiyo sigara moja haina bei moja kila mahali. Kwa maskini ni ghali zaidi, wala sisemi habari ya faranga.

Hatari nyingine nazitaja kwa haraka: mimba kutoka, mtoto kuzaliwa kabla ya miezi kutimia, mtoto kuzaliwa mfu, na mtoto mchanga aliyekuwa mzima kufa ghafula usingizini. Kuna na kubanduka kwa kondo la nyuma kabla ya wakati wake. Hilo ni jambo la kutisha hasa kwa watu wakaao vilimani mbali na barabara, kwa maana damu hutoka nyingi na wakati ni mchache, na mgonjwa lazima afikishwe kwa daktari awezaye kupasua.

Mambo haya yalijulikanaje? Mwaka 1957 mwanamke mmoja aitwaye Winea Simpson alitoa hesabu za wanawake zaidi ya 7,000 waliozaa katika wilaya ya San Bernardino, California. Aliona kwamba wavutao sigara walizaa watoto njiti karibu mara mbili kuliko wasiovuta. Mwaka uliofuata, 1958, Waingereza waliandika habari za watoto karibu wote waliozaliwa nchini mwao katika juma moja la mwezi wa Machi, wapatao 17,000. Hesabu hizo zilipochambuliwa na kutolewa mwaka 1972, ilionekana kwamba watoto wa wavutao walipungukiwa gramu 170, na vifo vya watoto katika siku za kuzaliwa vilizidi kwa asilimia 28.

Walikuwako waliobisha, na nadhani ubishi wao ulikuwa wa maana. Walisema, "Pengine si moshi. Pengine wanawake wa namna fulani hupenda sigara, na wanawake hao hao wangezaa watoto wadogo hata wasingevuta." Mtu hawezi kuwajibu kwa kupaza sauti. Jibu lilipatikana Maryland, Marekani, na lilitolewa mwaka 1984. Walichukua waja wazito 935 wavutao, wakawagawa mafungu mawili kwa bahati, kama kupiga kura. Fungu moja lilisaidiwa kuacha, jingine likaachwa kama kawaida. Watoto wa fungu lililosaidiwa walizidi kwa wastani wa gramu 92, ingawa si mama wote wa fungu hilo waliofaulu kuacha. Kwa kuwa mafungu yaligawanywa bila kuchagua, haiwezekani kusema tena kwamba tofauti ilitokana na tabia za wanawake. Walimu wetu wa sayansi hutuambia tujifunze kuuliza "wajuaje?" Nami napenda sana habari hii ya Maryland kwa sababu hiyo.

Sasa habari ya ugoro. Wanawake wengine, hata wasioweza kushika sigara, huweka ugoro puani au chini ya mdomo, na huko Unguja na Mombasa wengine hutafuna tambuu pamoja na tumbako. Husema, "Hapana moshi, basi hapana hatari." Ni kweli kwamba pasipo moshi hapana kaboni monoksidi. Lakini nikotini ipo nzima. Katika mji wa Mumbai, Uhindi, ambako wanawake wengi hutumia tumbako isiyo na moshi, uchunguzi uliotolewa mwaka 2004 ulionyesha kwamba watoto wao walipungukiwa gramu 105. Huko Sweden pia, penye tumbako ya kuweka chini ya mdomo, imeonekana kwamba watoto wanaozaliwa wafu na wanaozaliwa kabla ya wakati ni wengi zaidi kwa mama waitumiao. Nimesikia bibi wengine wakimpa mwali mwenye mimba chembe za ugoro ili kumtuliza kichefuchefu. Nia yao ni njema, wala sipendi kumvunjia bibi heshima. Lakini nikotini yenyewe ni katika vitu viletavyo kichefuchefu.

Kuna jambo jingine linalotuhusu sisi watu wa Gatete kuliko wengi, nalo sijaliona likiandikwa katika magazeti yetu. Mwaka 1972 watu wengi wa pwani hii walikimbilia Tanzania, wakawekwa katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Kuanzia mwaka 2008 maelfu kwa maelfu walirudi Burundi, na wengi wao walikuja huku kwetu; ndiyo sababu mojawapo Kiswahili chasikika sana vijijini mwetu. Huko walikokuwa tumbako ilikuwa zao la fedha. Wanawake walipanda, walipalilia, walichuma majani, wakayafunga na kuyapeleka katika mabani, yaani vibanda vya kukaushia kwa moto wa kuni. Wengi hawakuvuta hata siku moja.

Lakini jani bichi la tumbako, hasa likiwa na umande au mvua, hutoa nikotini ambayo hupenya katika ngozi ya mikono. Mtu achumaye asubuhi katika majani yenye maji hupata kizunguzungu, kutapika, kuumwa na kichwa na kuishiwa nguvu. Wenye elimu huuita ugonjwa wa tumbako mbichi. Mama mmoja jirani yetu, aliyekaa Mishamo tangu utoto, aliniambia kwamba alipokuwa na mimba alitapika kila alfajiri akiwa shambani, na kila mtu alimwambia, "Ndiyo mimba hiyo." Nilipomsimulia habari ya umande alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza kama kuvaa mifuko ya plastiki mikononi kungemsaidia. Nilimjibu ndiyo. Glavu, nguo ndefu zisizoloa, na kungoja majani yakauke kabla ya kuchuma husaidia sana. Na lililo bora ni mja mzito asichume kabisa. Kwa wale walio na ndugu zao Tabora na Urambo hata leo, habari hii si ya zamani.

Jikoni nako kuna moshi. Wanawake wetu wengi hupika kwa kuni, na katika nchi hii ya michikichi kuna na ile kazi ya kuchemsha ngazi za mawese katika mapipa, moto mkubwa, tangu asubuhi hata jioni. Mwanamke hukaa katika moshi ule na mimba yake, na kaboni monoksidi ya kuni haina tofauti na ile ya sigara. Katika Zimbabwe uchunguzi uliotolewa mwaka 2004 ulionyesha kwamba watoto wa mama wapikao kwa kuni, kinyesi cha ng'ombe au mabua walikuwa na uzito pungufu wa gramu 175 kuliko wale wa mama watumiao gesi au umeme. Katika Guatemala, Amerika ya Kati, tofauti ilikuwa gramu 63. Hesabu hizi mbili hazilingani, na si ajabu, kwa maana majiko na nyumba hazifanani. Lakini zote zaelekea upande mmoja. Wazee husema moshi wa jikoni wafukuza mbu. Pengine ni kweli, lakini chandarua hufanya kazi hiyo bila kumpunguzia mtoto hewa. Kuni kavu, dirisha upande wa upepo, jiko nje ya nyumba siku zisizo za mvua: vitu hivi si vya matajiri. Na kazi ya pipa la mawese mwanamume aweza kuishika kwa miezi ile. Hatakufa kwa aibu.

Hapo nafika kwetu wanaume. Mwaka 2008 ilitolewa habari ya waja wazito walioulizwa katika nchi tisa, kati yao Kongo, Zambia, Uhindi na Pakistan. Huko Pakistan, wanawake 92 katika kila 100 walisema kwamba kuvuta kunaruhusiwa nyumbani mwao. Kongo walikuwa 17. Moshi wa mume huingia katika damu ya mke, ingawa ni kidogo kuliko wa kuvuta mwenyewe. Mwaka 2014 wataalamu walilinganisha nchi na miji iliyopiga marufuku kuvuta mahali pa watu wengi, wakaona ya kuwa baada ya sheria hizo watoto njiti walipungua kwa asilimia 10 hivi. Wanawake wale hawakuambiwa waache kitu. Ni hewa tu iliyosafishwa.

Nyumbani kwetu shemeji yangu ana mimba ya miezi sita, na kaka yangu huvuta sigara chumbani usiku. Nilimweleza kwa adabu, kama impasavyo mdogo. Akacheka, akasema, "Baba alivuta sana, na sisi sote tukazaliwa wazima." Jibu hilo mtalisikia kila mahali, kwa hiyo si vibaya kulitafakari. Wako watu wanaopanda mchikichi mrefu bila kamba, wakakata ngazi, wakashuka salama miaka mingi. Hakuna mwenye akili asemaye kwamba kamba haina kazi. Tena waliozaliwa ndio wanaosimulia. Wale ambao mimba zao zilitoka hawapo barazani kutoa ushahidi wao. Kaka hakukubali kwa maneno, ila siku hizi namwona akitoka nje na sigara yake mpaka chini ya mwembe. Mvua ikinyesha sijui.

Wako na wanawake, hata Uingereza, wasemao kwamba ni heri mtoto awe mdogo ili kuzaa kuwe rahisi. Nimeulizwa hivyo na msichana wa rika langu. Rahisi kwa nani? Mtoto mdogo namna hii hakufanywa mdogo na maumbile yake, bali amenyimwa oksijeni. Na saa ile ya uchungu, ambapo kila mtoto hupungukiwa na hewa kidogo, yeye ndiye mwenye akiba ndogo kuliko wote.

Habari njema ni kwamba kuacha hufaa, na kuacha mapema hufaa zaidi. Uchunguzi wa New Zealand na Australia uliotolewa mwaka 2009 ulionyesha kwamba wanawake walioacha sigara kabla ya juma la 15 la mimba hawakuzidi wale wasiovuta kwa kuzaa kabla ya wakati wala kwa kuzaa watoto wadogo. Juma la 15 ni miezi mitatu na nusu. Lakini wengi wa mama zetu huchelewa kwenda kupimwa mimba, na wakati ule umekwisha pita. Mwaka 2006 serikali ya Burundi iliondoa malipo ya kuzaa hospitalini na ya matibabu ya watoto walio chini ya miaka 5, na tangu hapo wanawake wazaliao katika vituo vya afya wamezidi sana. Kwa hiyo mlango uko wazi. Linalobaki ni mume kusema, "Nenda mwezi huu," badala ya kungoja tumbo lionekane; na muuguzi, baada ya kupima uzito na damu, kuuliza pole pole, faraghani, si mbele ya mama mkwe: "Watumia tumbako? Ya kuvuta, au ya puani? Na nyumbani nani avutaye?" Maswali hayo hayahitaji dawa wala mashine.

Neno moja bado, kwa kuwa wengi hulikosea. Mama asiyeweza kuacha asikatazwe kunyonyesha. Nikotini huingia katika maziwa, ni kweli, lakini maziwa ya mama bado ni bora kuliko ya kopo, hasa penye maji machafu. Amnyonyeshe mtoto kwanza, ndipo avute, nje ya nyumba, na apitishe muda mrefu kabla ya kumnyonyesha tena. Wala asilale na mtoto kitanda kimoja.